Nani Asamehewe, Nani Ahukumiwe: Historia ya Vita vya Kaskazini mwa Uganda

Januari 2004 Rais Yoweri Museveni alisimama jijini London pamoja na Luis Moreno-Ocampo, mwendesha mashtaka mkuu wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, wakatangaza kwamba Uganda imeipelekea mahakama hiyo suala la waasi wa Lord's Resistance Army, LRA. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi mwanachama kuikabidhi mahakama hiyo changa vita vya nyumbani kwake. The Hague, makao ya mahakama hiyo, wakaipokea habari hiyo kwa furaha. Huko Gulu na Kitgum, kaskazini mwa Uganda, viongozi wa dini na wazee wa kimila wakaipokea kwa wasiwasi mkubwa, ingawa hakuna aliyekuwa akimwonea huruma Joseph Kony, kiongozi wa waasi hao. Miaka minne nyuma Bunge la Uganda lilikuwa limepitisha Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, iliyomwahidi kila muasi atakayetoka porini, akasalimisha silaha na kuukana uasi, kwamba hatashtakiwa wala kuadhibiwa. Watu wa kaskazini wenyewe ndio walioidai sheria hiyo na kuipigania hadi ikapatikana. Sasa serikali moja ilikuwa na kauli mbili kwa watu walewale: moja ikiwaita warudi nyumbani, nyingine ikiwaandalia pingu.

Tangu siku hiyo, kila vinapozungumzwa vita vya kaskazini mwa Uganda, mjadala hugeuka kuwa wa kuchagua amani kwanza au haki kwanza. Wanasheria waliambiwa wanachochea moto, wapatanishi wakaambiwa wanawabembeleza wauaji. Hoja yangu ni kwamba uchaguzi huo haukuwapo. Vita vile viliacha madeni ya namna tatu, na kila deni lilikuwa na mdaiwa wake. Walikuwapo maelfu waliotekwa wakiwa watoto wakalazimishwa kuua. Hao walistahili msamaha, na bila msamaha vita visingekwisha. Walikuwapo wachache waliotoa amri; hao walistahili mahakama, na kuwaacha hakukumpa raia yeyote usalama. Na ilikuwapo serikali iliyowakusanya raia wake kambini kisha ikashindwa kuwalinda. Hiyo ilidaiwa maelezo na fidia. Msamaha na mahakama vilileta madhara vilipotakiwa kulipa deni lisilo lao, na deni la tatu, ambalo kwa hesabu ya makaburi pengine ndilo kubwa kuliko yote, halikutafutiwa mlipaji kwa miaka mingi mno.

Mizizi ya vita hivi ni ya zamani kuliko Kony. Waingereza waliandikisha askari wengi kutoka kaskazini, na baada ya uhuru jeshi likawa ndiyo njia ya kufikia mamlaka Kampala. Idi Amin alipompindua Milton Obote mwaka 1971, askari wa Kiacholi na wa Kilango, watu wa kaskazini, waliuawa kwa wingi kambini mwao. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na raia wa Uganda waliokuwa uhamishoni, yalimng'oa Amin, na Waacholi wakajaa tena katika jeshi jipya. Jeshi hilo nalo lilitenda maovu makubwa dhidi ya raia wa Luwero wakati likipigana na waasi wa Museveni. Julai 1985 Jenerali Tito Okello, Mwacholi, akampindua Obote, aliyekuwa amerudi madarakani, na Desemba mwaka huohuo Rais Daniel arap Moi wa Kenya akawakalisha Okello na Museveni Nairobi hadi wakasaini makubaliano ya amani. Makubaliano hayo hayakumaliza hata miezi miwili. Januari 26, 1986 Museveni aliiteka Kampala. Waacholi wengi waliona hapo kwamba karatasi ya amani haina mdhamini. Nao walioingia madarakani waliichukua Luwero kuwa sababu ya kuwatazama watu wa kaskazini kama wakosaji wote kwa pamoja.

Yaliyofuata yalithibitisha hofu za pande zote mbili. Askari wa utawala mpya walipoingia Acholi kuwasaka wenzao wa jeshi lililoshindwa, raia waliuawa Namokora mwaka 1986 na Burcoro mwaka 1991, na mifugo, ambayo ilikuwa benki ya kila familia, mahari ya vijana na ada ya shule, ikaisha kati ya wavamizi wa Karamoja na askari ambao hawakuwazuia au walishiriki. Ghadhabu hiyo ilizaa makundi kadhaa. Alice Auma, aliyejulikana kama Lakwena, aliongoza wafuasi wake hadi karibu na Jinja, akashindwa mwishoni mwa 1987, akakimbilia Kenya. Alifariki mwaka 2007 akiwa mkimbizi Dadaab. Wanajeshi wa zamani waliokuwa wameunda kundi la UPDA walisaini amani na serikali mwaka 1988. Aliyebaki porini ni Kony, na kadiri Waacholi walivyochoka na vita na kukataa kumfuata, ndivyo alivyowageuzia silaha Waacholi hao hao. Aprili 1995 LRA iliua mamia ya watu Atiak katika shambulio lililoongozwa na Vincent Otti, mzaliwa wa palepale.

Kundi lisilopata wafuasi wa hiari lilijaza safu zake kwa kuteka. Watoto zaidi ya 20,000 walichukuliwa katika miaka ile, wavulana wakafanywa askari, wasichana wakagawiwa makamanda kama wake. Oktoba 1996 wasichana 139 walitekwa usiku katika shule ya St. Mary's huko Aboke. Mtawa Mwitaliano aliyekuwa naibu mkuu wa shule, Sista Rachele Fassera, aliwafuata waasi porini kwa miguu akawaomba, akarudi na 109. Waliobaki 30 wakatumikia miaka ya utumwa, na wengine hawakurudi kamwe. Habari ya Aboke ilizunguka dunia, lakini kwa kila msichana wa Aboke walikuwapo watoto mamia kutoka vijiji ambavyo hakuna mwandishi wa habari aliyevitembelea. Mbinu ya waasi ilikuwa kumlazimisha mtoto aue mapema, mara nyingine jirani au ndugu, ili aamini kwamba nyumbani hapana tena mlango wake. Kila hoja kuhusu msamaha inapaswa kuanzia hapa: jeshi hilo kwa sehemu kubwa lilikuwa la wahanga wake lenyewe. Mzazi wa Kitgum aliyesikia ndege za serikali zikishambulia msafara wa waasi hakujua kama aombe ushindi au aombee uhai wa mwanawe.

Upande wa pili wa jambo hili husimuliwa kwa sauti ya chini. Kuanzia mwaka 1996 serikali iliwaamuru raia wa Acholi waache vijiji wahamie kambi zilizoitwa vijiji vya ulinzi, na aliyekutwa nje ya mipaka ya kambi aliweza kuhesabiwa kuwa muasi. Baada ya Operesheni Iron Fist ya Machi 2002, jeshi lilipovuka kuingia Sudan kuwasaka waasi, LRA ilirudi nyumbani kwa kisasi, na wakimbizi wa ndani wakaongezeka hadi kufikia karibu milioni 1.8 mwaka 2005, wakiwamo karibu Waacholi wote. Nyumba zilisongamana, mashamba yakaota msitu, maji yakawa ya foleni. Utafiti uliofanywa Julai 2005 na Wizara ya Afya ya Uganda pamoja na Shirika la Afya Duniani katika wilaya za Gulu, Kitgum na Pader ulikadiria kwamba watu wapatao 1,000 kila wiki walikuwa wakifa zaidi ya vifo vya kawaida, malaria ikiwa mbele. Panga la muasi liliua wengi, na linastahili kutajwa kila mara. Lakini wengi zaidi waliuawa na kambi, na kambi hazikujengwa na Kony. Kisha kambi hizo hizo zilishambuliwa mara kwa mara huku walinzi wakiwa wachache, wamekimbia, au hawapo.

Wanaosema kwamba mahakama ndiyo iliyoharibu amani wanasahau mwaka 1994. Betty Bigombe, mama wa Kiacholi aliyekuwa waziri wa serikali anayeshughulikia kaskazini, alikutana na Kony ana kwa ana porini bila ulinzi wa maana, akafika karibu kabisa na makubaliano. Februari mwaka huo Museveni akawapa waasi siku saba wajisalimishe, la sivyo wapigwe, na mazungumzo yakafa. Serikali ya Khartoum, iliyokuwa na ugomvi na Kampala kwa sababu ya waasi wa Sudan Kusini, ikaanza kuwapa LRA silaha na hifadhi, na vita vikapata miaka kumi mingine ya uhai. Wakati ule hapakuwa na ICC, wala hati ya kukamatwa mtu. Amani ilizimwa na papara ya upande mmoja, hila za upande wa pili, na jirani aliyefaidika na vita.

Ni katika kukata tamaa huko ndipo viongozi wa dini walipoungana. Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Wakatoliki, Askofu Macleod Baker Ochola wa Waanglikana, masheikh na mapadri wa Kiorthodoksi waliunda umoja wao mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaanza kudai msamaha kwa sheria. Askofu Ochola alikuwa amempoteza mkewe mwaka 1997 kwa bomu la kutegwa ardhini. Mtu wa namna hiyo akisema wasamehewe, hawezi kuambiwa kwamba hajui machungu ya waliofiwa. Serikali ilipendelea msamaha wenye mipaka. Watu wa kaskazini walisisitiza usiwe na mipaka, kwa kuwa mpaka wowote ungempa Kony la kuwaambia watoto: mkirudi mtanyongwa. Kufikia miaka ya baadaye zaidi ya watu 26,000 kutoka makundi mbalimbali walikuwa wamepewa vyeti vya msamaha, karibu nusu yao wakitoka LRA. Hapana operesheni ya kijeshi iliyowatoa watu wengi hivyo porini wakiwa hai. Wengi walipokewa kwa mila ya kukanyaga yai mlangoni, na redio za Gulu zikarusha sauti za waliorudi ili waliobaki wasikie kwamba wenzao hawakuuawa.

Pingamizi la kwanza dhidi ya msamaha huo ni zito: uliwafunika pia wakubwa. Brigedia Kenneth Banya na Sam Kolo, waliokuwa juu kabisa katika uongozi wa LRA, walipata msamaha na kuishi mjini, wakati mama aliyekatwa midomo na wapiganaji wao akiishi kambini kwa kusubiri mgao wa unga na maharage. Mjane alimwona muuaji wa mumewe akipewa godoro, jembe na fedha kidogo za kuanzia maisha, yeye asipewe chochote. Nakubali kwamba hapo palikuwa na dhuluma. Lakini chanzo chake hakikuwa wazo la kusamehe. Sheria ilitengeneza ofisi ya kumsaidia anayerudi bila kutengeneza ofisi ya kumsikiliza aliyetendewa, na ilimpa mtoto wa miaka kumi na sita na jenerali wake cheti kilekile. Msamaha uliokusudiwa kumwokoa mtekwa ukatumika kumlipia kamanda deni ambalo halikuwa la mtekwa.

Wengine walitumaini kwamba mila zingejaza pengo hilo. Mato oput ni njia ya Waacholi ya kumaliza damu kati ya koo: muuaji anakiri, ukoo wake unalipa fidia, kisha pande mbili zinakunywa pamoja mizizi michungu ya mti wa oput. Wazee chini ya chifu wao mkuu, Rwot David Onen Acana II, walieleza kwa ufasaha kwamba hii ni haki kamili, maana inadai ukweli na malipo, mambo ambayo mahakama nyingi hazimpi mhanga. Ni kweli. Tatizo ni kwamba mila hiyo inahitaji muuaji ajulikane, aliyeuawa ajulikane, na koo zote mbili ziwe ndani ya ada moja. Februari 21, 2004 LRA iliua watu zaidi ya 300 katika kambi ya Barlonyo, karibu na Lira. Waliouawa walikuwa wengi wao Walango. Walango, Wateso na Wamadi hawakuwahi kuwa sehemu ya ada hiyo ya Kiacholi, na mauaji ya halaiki yanayofanywa na kundi kwa amri ya mtu aliye mbali hayana ukoo wa kuyalipia. Waliosifu mato oput kutoka ng'ambo kama mbadala wa mahakama waliibebesha mila mzigo ambao wazee wenyewe hawakuitengenezea, na wakawasahau majirani.

Hati za ICC zilitolewa Julai 2005 na kutangazwa Oktoba, dhidi ya watu watano tu: Kony, Otti, Okot Odhiambo, Dominic Ongwen na Raska Lukwiya. Hofu kwamba zingefunga mlango wa mazungumzo haikutimia. Julai 2006 wajumbe wa LRA walifika Juba, kusini mwa Sudan, mazungumzo yakiongozwa na Riek Machar, makamu wa rais wa serikali ya huko, na Agosti 26 mwaka huo wakasaini kusitisha mapigano. Sababu iliyowasukuma zaidi ilikuwa kupotea kwa Khartoum: mkataba wa amani wa Sudan wa Januari 2005 uliwaondolea hifadhi, nao wakahamia mbuga ya Garamba nchini Kongo. Hati ziliongeza uzito wa jambo hilo, maana zilimgeuza Kony kuwa mgeni ambaye kumhifadhi kunagharimu. Nani angeamini kwamba mtu aliyekataa kila mlango kwa karibu miaka 20 angeingia huu kwa wema wa moyo? Wakati huohuo, haiwezekani kukana kwamba hati hizo zilimpa sababu ya kutosaini. Otti alisema wazi kwamba bila kufutwa kwa hati hapana atakayetoka. Mahakama ilisaidia kuwaleta mezani, kisha ikawa kisingizio cha kuondoka. Kauli zote mbili ni kweli, na anayeshika moja tu anatetea kambi yake badala ya kueleza historia.

Jambo la thamani lililozaliwa Juba halikuwa kusitisha mapigano peke yake. Juni 29, 2007 pande mbili zilisaini makubaliano ya uwajibikaji na upatanisho, na Februari 2008 zikaongeza nyongeza yake. Humo yaliwekwa mahali pamoja mambo ambayo The Hague na Gulu walikuwa wakiyagombania: divisheni maalumu ya Mahakama Kuu ya Uganda ya kuwashtaki waliobeba dhamana kubwa zaidi, mila za upatanisho kwa wengine, chombo cha kutafuta ukweli, na fidia kwa wahanga. Mgawanyo huo wa kazi ndio ninaoutetea. Lakini makubaliano hayo yalikuwa na kipengele kimoja kilichosomwa haraka mno wakati ule: askari na watumishi wa serikali wangeshughulikiwa na taratibu za kawaida za sheria, nje ya utaratibu huo maalumu. Pande mbili zilizopigana juu ya migongo ya raia zilielewana hapo, ya waasi yapelekwe kwenye mahakama mpya, ya serikali yabaki mikononi mwa serikali. Aprili 2008 Kony hakutokea Ri-Kwangba, mahali palipopangwa, kusaini mkataba wa mwisho, ingawa wazee, maaskofu na Joaquim Chissano, mjumbe wa Umoja wa Mataifa aliyewahi kuvimaliza vita nchini Msumbiji, walifanya kila juhudi. Otti alikuwa ameshauawa kwa amri ya Kony Oktoba 2007, na pamoja naye sauti iliyokuwa ikitaka mazungumzo.

Kilichotokea baadaye kinapaswa kuwasumbua wote waliokuwa Juba, wapenda amani na wapenda mahakama kwa pamoja. Desemba 14, 2008 Uganda, ikishirikiana na Kongo na Sudan Kusini, ilizishambulia kambi za Garamba kwa ndege. Kony hakupatikana, na raia wa jirani hawakuwa wameandaliwa ulinzi wowote. Kuanzia mkesha wa Krismasi LRA iliua Faradje, Doruma na vijiji vya karibu. Katika wiki chache waliouawa walizidi 800. Desemba 2009, katika eneo la Makombo, wakaua wengine zaidi ya 300. Wahanga hao walikuwa raia wa Haut-Uele nchini Kongo, wengi wao Wazande, watu ambao hawakuwa na ugomvi wowote na Museveni wala na Kony, na ambao hawakuwa na kiti Juba. Kaskazini mwa Uganda hakujasikika risasi ya LRA tangu 2006, watu wamerudi mashambani, Gulu imekuwa jiji. Amani hiyo ni ya kweli na inastahili kushukuriwa. Ila ilipatikana kwa vita kuhamishiwa kwa jirani dhaifu zaidi, Kongo na kisha Jamhuri ya Afrika ya Kati, na hatuwezi kuiita amani ya eneo zima wakati hesabu ya Wazande haijaingizwa kitabuni.

Kesi mbili zilizofuata zimeijaribu hoja yangu mahali inapouma. Dominic Ongwen alitekwa akiwa na umri wa takribani miaka tisa, akienda shule. Alikua ndani ya LRA hadi kuwa kamanda wa brigedi, akajitokeza Januari 2015 Jamhuri ya Afrika ya Kati, na Februari 2021 ICC ikamtia hatiani kwa makosa 61, yakiwamo mashambulizi ya kambi za Pajule, Odek, Lukodi na Abok, na ndoa za kulazimishwa. Ikiwa mtekwa asamehewe na kamanda ahukumiwe, tumfanye nini aliye yote mawili? Utetezi wake ulisema kwamba mtoto yule hakupata kukua. Majaji walijibu kwamba makosa aliyoshtakiwa aliyatenda akiwa mtu mzima, miaka ya 2002 hadi 2005, akipanga, akiamuru, na akiwa na nafasi za kutoroka kama walivyotoroka wengi wa chini yake. Kisha, katika kupima adhabu, wakautazama utoto wake wakampa miaka 25 badala ya kifungo cha maisha. Naona walikuwa sahihi mara zote mbili. Kuteswa hakumpi mtu milki juu ya maisha ya wengine, na wavulana waliohatarisha shingo zao kutoroka usiku kutoka brigedi yake wangedharauliwa tukisema kwamba hakuwa na la kufanya. Hata hivyo, hukumu hiyo haiwezi kuitwa kamili. Waliompokea mtoto huyo wakamfunza kuua bado hawajahukumiwa, na waliopaswa kumlinda njiani akienda shule hawajaulizwa lolote.

Kesi ya Thomas Kwoyelo inaonyesha sura mbaya zaidi. Naye alitekwa mwaka 1987 akiwa mtoto, alikamatwa Kongo mwaka 2009, na kesi yake ikafunguliwa Gulu mwaka 2011 katika divisheni ile iliyozaliwa Juba. Mahakama ya Katiba ikasema anastahili msamaha kama wenzake. Mahakama ya Juu, mwaka 2015, ikasema makosa dhidi ya raia hayafunikwi na msamaha. Alikaa mahabusu miaka 15 kabla ya kutiwa hatiani kwa makosa 44 Agosti 2024 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 40. Wakati wote huo Caesar Acellam, aliyemzidi cheo, aliyekamatwa mwaka 2012, hakufikishwa mahakamani. Anayesema kwamba mstari kati ya msamaha na mahakama ulichorwa kwa bahati ana ushahidi mkononi. Jibu langu ni kwamba mstari ulikosewa kwa kuwa haukuandikwa mapema. Laiti sheria ya mwaka 2000 ingesema ni vyeo gani na matendo gani hayasameheki, au laiti mahakama ingefuata cheo na matendo bila kutegemea nani ana faida kwa jeshi, tofauti hiyo isingekuwapo. Ugumu wa kuchora mstari hauondoi haja ya kuuchora.

Limebaki deni la serikali. Pingamizi linalosikika zaidi ni kwamba kuwashtaki askari wa serikali iliyo bado madarakani kungewasha vita upya, na kwamba ICC haina mamlaka juu ya yaliyotendwa kabla ya Julai 2002. Hili la pili ni la kweli kisheria, na ndiyo maana Namokora na Burcoro hazikuweza kufika The Hague. Lakini miaka mibaya kabisa ya kambi ni ile ya 2002 hadi 2005, ndani ya mamlaka hiyo. Ocampo aliiarifu Uganda kwamba uchunguzi wake utahusu makosa ya pande zote. Mwishowe walioshtakiwa ni waasi peke yao. Kuhusu hofu ya vita, historia ya karibu inaijibu. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya uvamizi wake wa miaka ya 1998 hadi 2003. Dola hizo hazikuvunja jeshi wala kuiangusha serikali. Nchi iliyokubali kudaiwa na jirani inaweza kudaiwa na raia wake, tofauti ni kwamba mwanakijiji wa Pader hana balozi wa kumpeleka mahakamani.

Na ushahidi wa hivi karibuni umetoka ndani ya Uganda yenyewe. Februari 2024 ICC iliamuru wahanga wa Ongwen, wanaokadiriwa kuwa karibu 50,000, walipwe fidia ya zaidi ya euro milioni 52. Kwa kuwa mfungwa hana mali, kazi ya kuzitafuta fedha hizo ikaangukia Mfuko wa Wahanga wa mahakama hiyo, unaotegemea michango ya hiari. Desemba mwaka huohuo divisheni ya Gulu ilikabiliwa na swali lilelile kuhusu Kwoyelo, naye akiwa hana kitu. Majaji wa Uganda hawakutazama nje ya nchi. Walisema kwamba maafa hayo yalionyesha serikali ilishindwa kuwalinda watu wake, wakaiamuru serikali iwalipe wahanga, kwa wengine hadi shilingi milioni 10 kila mmoja. Kwa mara ya kwanza katika historia ya vita hivi, mahakama iliyoketi kumhukumu muasi ilimtaja mdaiwa wa tatu kwa jina lake. Agizo hilo linahusu wahanga wa mtu mmoja, katika sehemu chache za Kilak na jirani zake. Wazee waliozika watoto wao kwa malaria katika kambi walizoamriwa kuingia hawamo, kwa maana hakuna muasi aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo, na sera ya haki ya mpito iliyopitishwa na baraza la mawaziri mwaka 2019 haijawa sheria.